Otoklavu Mpya au Iliyokwisha Kutumika? Majibu kwa Wasomaji wa Bukavu

Tumepokea barua tatu zinazouliza, kila moja kwa namna yake, kama ni busara kununua otoklavu, yaani mashine ya kutakasia vyombo vya tiba kwa mvuke, iliyokwisha kutumika kwingine. Anayejibu ni fundi wa vifaa vya hospitali aliyefanya kazi hiyo kwa muda mrefu katika Kivu. Barua ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mengi yaliyomo yanawahusu wote watatu.

SWALI LA KWANZA

Mimi ni mkunga, na nina nyumba ndogo ya kuzalishia akina mama hapa Kadutu. Kwa siku tunahitaji visanduku vinne au vitano vya kuzalishia, pamoja na vyombo vya kushonea na vitambaa. Hadi sasa tumekuwa tukipeleka vyombo vyetu kutakaswa katika hospitali ya jirani, lakini nimeweka akiba ili nipate otoklavu yangu mwenyewe. Fundi mmoja ananiuzia ya kusimama ya lita 40, iliyotoka katika hospitali moja ya Ubelgiji, na kibao chake kinaonyesha kwamba ilitengenezwa mwaka 2003. Anataka dola 900. Muuzaji mwingine ana mpya ya lita 50, ingali ndani ya sanduku lake, kwa dola 1,900. Mume wangu anasema kwamba kununua kitu cha okazioni ni kununua ugonjwa wa mtu mwingine. Nifanye nini?
Mama Mkunga, Kadutu

JIBU

Mama, shauri la mzee wa nyumbani nimelielewa, kwa maana wengi wetu hapa mjini tumewahi kununua friji au gari la okazioni lililotumalizia akiba. Hata hivyo otoklavu ya kusimama ina vitu vichache sana ndani yake. Ni chungu kizito cha chuma kisichoshika kutu, kifuniko chenye mpira, rezistansi ya kuchemshia maji, kipimo cha shinikizo na valvu ya usalama inayotoa mvuke shinikizo likizidi. Tangu Charles Chamberland, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Louis Pasteur, alipotengeneza mashine ya namna hii mwaka 1879, kanuni yake haijabadilika: mvuke unaofungiwa hupanda joto kupita lile la maji yanayochemka, na joto hilo likikaa muda wa kutosha huua hata spora, yaani zile mbegu ngumu za bakteria ambazo maji ya moto hayaziwezi. Chungu kilichotunzwa vizuri hudumu miaka mingi, na kilichotumiwa vibaya huharibika upesi hata kama ni cha jana. Kwa hiyo mwaka 2003 ulioandikwa kwenye kibao haupaswi kukutisha peke yake, wala sanduku ambalo halijafunguliwa lisikutulize. Ninachotaka uwaulize wauzaji wote wawili ni hiki: je, mvuke ulio ndani ya mashine hii, hapa Bukavu, unafika nyuzi 121, unakaa hapo kwa muda unaotakiwa, na mimi nitaweza kulithibitisha jambo hilo kila wiki?

Maneno «hapa Bukavu» nimeyaweka kwa makusudi, na naomba uyasome kwa makini wewe na kila mwenye otoklavu katika mji huu. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tunaishi juu zaidi ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Kipimo cha shinikizo kilicho juu ya kifuniko hakipimi shinikizo lote lililomo ndani. Kinaonyesha tu kile kilichozidi hewa ya nje. Pwani, mshale ukifika bari 1.05, mvuke ulio ndani una nyuzi 121. Hapa kwetu mshale huohuo ukisimama mahali palepale, mvuke una nyuzi 118 na kidogo tu. Ili kuzipata nyuzi 121 ni lazima mshale upande hadi bari 1.2 hivi.

Mtu anaweza kudhani kwamba nyuzi mbili au tatu si kitu, lakini nguvu ya mvuke ya kuua spora hupungua mara kumi kila joto linaposhuka nyuzi 10, na kwa hesabu hiyo kushuka nyuzi tatu ni kupoteza nusu ya nguvu. Anayetakasa kwa dakika 15 kwenye nyuzi 118 amefanya kazi ya dakika saba na nusu tu. Jambo hili nililiona kwa macho yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja, iliyokuwa imepewa otoklavu kama zawadi. Mashine ilikuwa nzuri, safi, na mshale wake ulisimama pale pale kitabu kiliposema usimame. Tuliweka ndani yake kipimajoto cha kukumbuka joto la juu, katikati ya kifurushi cha vitambaa, pamoja na chupa ndogo za spora za majaribio. Kipimajoto kilitoka na nyuzi 118, na siku iliyofuata chupa zote mbili zilikuwa zimegeuka kutoka zambarau kuwa njano, dalili ya kwamba spora zilikuwa bado hai. Kwa muda gani vyombo vya mashine ile vilikuwa vikiingia miilini mwa watu, sikupenda kuhesabu. Fundi alipandisha shinikizo kwa kugeuza skrubu moja, tukarudia jaribio, na chupa zikabaki zambarau.

Sasa tuzirudie mashine zako mbili. Ile ya Ubelgiji, ikiwa ni kama nyingi za kizazi chake, ina kipimajoto pamoja na kipimo cha shinikizo, na ina kidhibiti ambacho fundi anaweza kukirekebisha. Ile mpya, kwa bei uliyoitaja na ukubwa huo, inaweza kuwa ya aina inayoongozwa na shinikizo peke yake, ambayo valvu yake ya kutolea mvuke hufunguka kwenye kiwango kilichowekwa kiwandani kwa ajili ya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo; nasema ufungue sanduku kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, mwache na sanduku lake. Ukikuta kipimo cha shinikizo bila kipimajoto, uliza kama kiwango kinaweza kupandishwa hadi bari 1.2 bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye kibao. Kama hakipandi, mashine hiyo itakulazimu kuongeza muda maradufu, na hapo utakuwa unalipia umeme au mafuta ya jenereta kila siku kwa ajili ya kasoro uliyoinunua ikiwa mpya. Na kwa jina la Mungu, fundi yeyote asikudanganye kwamba atapandisha shinikizo kwa kufunga waya au kuweka uzito juu ya valvu ya usalama. Hilo ni bomu ndani ya nyumba yenye watoto wachanga.

Ile ya zamani nayo isinunuliwe kwa kutazamwa kwa mbali. Anza na kibao chake: lazima uone jina la mtengenezaji, namba ya mashine, shinikizo la juu linaloruhusiwa, na umeme inaotaka. Mashine isiyo na kibao usiijadili hata kwa dola 100, kwa kuwa hakuna mtu atakayeweza kukuagizia mpira wala kukuambia chungu chake kinavumilia nini. Kisha chukua tochi, inama, uangalie ndani ya chungu chote kikiwa kikavu, hasa chini karibu na tundu la kutolea maji na kwenye mishono ya chuma, ukipitisha kidole polepole. Madoa ya kahawia yanayofutika si ya kuogopesha. Vishimo vidogo kama vilivyochomwa na sindano ni jambo jingine kabisa, kwa maana chuma hicho hushambuliwa na klorini na chumvi, na kishimo unachokigusa kwa kidole huenda kina ufa nyuma yake. Hapa nikuonye pia kwa ajili ya siku zijazo: wakunga wengi huloweka vyombo katika maji ya javeli ya asilimia 0.5, na wasiposuuza vizuri, ile klorini huingia nayo ndani ya otoklavu na kuila. Chungu kilichokuja kizima kutoka Ulaya kinaweza kuanza kutoboka Kadutu kwa sababu ya beseni la kusuuzia lililosahauliwa.

Kwa chungu cha umri huo, mtafute fundi akijaze maji baridi mpaka pomoni na kukipima kwa pampu ya mkono, akipandisha shinikizo hadi karibu mara moja na nusu ya lile lililoandikwa kwenye kibao. Apime kwa maji, kamwe asipime kwa hewa ya kompresa, kwa sababu chungu kikipasuka kikiwa na maji kitalowesha sakafu tu, lakini kikipasuka na hewa kitaua. Valvu ya usalama ibadilishwe iwe mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Mpira wa kifuniko pia, na ununue miwili, mmoja wa akiba. Rezistansi fundi ataipima kwa dakika chache. Mashine za miaka ya nyuma sana zilifunikwa kwa amianti (asbesto) ili zitunze joto, na vumbi la amianti huharibu mapafu. Ya mwaka 2003 kutoka Ubelgiji haipaswi kuwa nayo, lakini kama umri wake si ule ulioambiwa, swali hilo lirudi.

Baada ya hayo ndipo ije siku ya majaribio, na siku hiyo iwe kabla ya fedha kutoka mkononi mwako. Jaza mashine kama utakavyoijaza siku ya kazi nyingi, na visanduku na vitambaa vyako mwenyewe. Weka kipimajoto katikati ya mzigo, na chupa ya spora pale ambapo mvuke hufika kwa shida, yaani ndani ya kifurushi kikubwa, chini. Mvuke ukianza kutoka, uache utoke kwa nguvu bila kukatika kwa dakika tano au zaidi kabla ya kufunga njia yake, kwa sababu hewa ikibaki nusu ndani, mshale utaonyesha shinikizo kamili ilhali joto liko karibu na nyuzi 112 tu. Vifurushi vilivyofungwa vipewe dakika 30 kwenye nyuzi 121, na vyombo visivyofungwa dakika 20, zikihesabiwa tangu joto lilipofika na wala si tangu swichi ilipowashwa. Chupa za spora huoteshwa kwenye nyuzi 55 hadi 60, kwa hiyo usizipeleke katika maabara yenye kabati la nyuzi 37 tu, kwani zitakaa humo zikiwa kimya na wewe utadhani zimekufa. Kuna vijisanduku vidogo vya umeme vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Kimoja kitawatosha wenye vituo vitatu au vinne mkikubaliana kukitumia pamoja.

Kuhusu fedha, dola 900 si bei ya mashine. Ongeza valvu, mipira miwili, kazi ya fundi, kipimajoto, na kisanduku cha chupa za spora, uone kama theluthi moja ya bei au zaidi itatosha kuyabeba hayo. Hata ukifika dola 1,300, umebakiwa na dola 600 mkononi, na fedha hizo ndizo zitakazokununulia stabilizata nzuri ya kusawazisha umeme na visanduku vya ziada. Mwambie fundi kwamba utalipa nusu siku mashine itakapofaulu majaribio, na nusu baada ya siku thelathini za kazi. Anayeiamini mashine yake atakubali, labda kwa kulalamika kidogo. Mkubaliane kwa maandishi, mbele ya shahidi.

Usisahau maji. Maji ya ziwa letu yana karibu gramu moja ya madini katika kila lita, na madini hayo hubaki juu ya rezistansi kama ukoko mweupe mpaka iungue. Tumia maji yaliyoondolewa madini, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, lakini hakikisha kwamba ni maji matupu na si asidi.

Kwa hiyo jibu langu kwako, Mama, ni kwamba ununue ile ya Ubelgiji, kwa sharti la kwamba chungu chake kimepita jaribio la maji, umeme wake ni volti 220 za njia moja kama ulio nao nyumbani, na chupa zote za spora zimebaki zambarau mara tatu mfululizo. Likikosekana hata moja kati ya hayo, iache bila huruma na urudi kwenye ile mpya, nayo uipime kwa majaribio yaleyale. Mzee mwambie kwamba ugonjwa wa mtu mwingine tumeutafuta kwa tochi.

SWALI LA PILI

Mimi na mwenzangu tuna kabineti ya meno karibu na Nyawera. Tumepata otoklavu ndogo ya mezani ya lita 18 iliyotumika Marekani, ambayo muuzaji anasema ni ya «vakiumu», kwa dola 1,500. Mpya ya daraja B kutoka Ulaya tumeambiwa itafika hapa kwa dola 3,800. Tuna wagonjwa wanane hadi kumi kwa siku na turbini mbili, yaani vishikio vya kutobolea meno vinavyozungushwa kwa hewa. Je, tofauti hiyo ya bei ina maana kwetu?
Daktari wa meno, Ibanda

JIBU

Daktari, kwenu jibu langu linageuka: nunueni mpya.

Sababu ya kwanza iko ndani ya turbini zenu. Turbini ina mifereji myembamba ya hewa na maji, na baada ya kila mgonjwa mifereji hiyo hubeba mate na damu. Mvuke wa kawaida hauwezi kuisukuma hewa iliyokwama ndani ya mfereji wa namna hiyo. Ni lazima pampu iinyonye hewa kwanza, mvuke uingizwe, inyonywe tena, mara kadhaa, kabla ya joto kuanza kuhesabiwa. Kanuni ya Ulaya inayohusu otoklavu ndogo, EN 13060, inazigawa mashine hizi katika madaraja matatu. Daraja B hufanya kazi hiyo ya kunyonya na hufaa kwa vyombo vyenye matundu na vilivyofungwa. Daraja N ni la vyombo vigumu visivyofungwa na visivyo na matundu. Na daraja S liko katikati, likifaa kwa vile tu ambavyo mtengenezaji amevitaja. Neno «vakiumu» katika mdomo wa muuzaji halitoshi, kwa sababu ziko mashine ambazo hunyonya hewa mwishoni tu, ili kukausha, na hizo turbini hazitakaswi nazo. Ipo njia ya kupima: mrija wenye urefu wa mita 1.5 na upana wa milimita 2, ambao mwisho wake umefungwa kikaratasi kinachobadilika rangi. Mvuke usipofika mwisho wa mrija, rangi haibadiliki sawasawa. Mwombeni muuzaji afanye jaribio hilo mbele yenu, nanyi mtaona anavyojibu.

Sababu ya pili ni umeme. Mashine ya Marekani hutaka volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Transfoma hurekebisha volti, lakini hezi hubaki 50 kama zilivyo katika nchi yetu. Rezistansi haijali hezi. Mota ya pampu inajali, kwani itazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, na pampu ambayo tayari imechoka haitafika kwenye utupu unaotakiwa. Hapo mashine itaanza kusimama katikati ya kazi ikionyesha namba za hitilafu, na kila inaposimama mnaanza upya tangu mwanzo.

Ya tatu ni kwamba mashine ya mezani ya aina hii ni pampu, kadi ya elektroniki, valvu ndogo nyingi na vihisio, yote yakiwa ya mtengenezaji mmoja. Mama Mkunga wa Kadutu anaweza kutengenezewa chungu chake na fundi hodari wa hapa mjini. Kadi ya elektroniki iliyoungua kwa umeme unaopanda na kushuka haina fundi, ina bei tu, na kwa mashine iliyoacha kutengenezwa huenda haina hata bei. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2000 kuhusu misaada ya vifaa vya afya, lilisema kwamba kifaa kisichokubalika katika nchi ya anayekitoa kisikubaliwe pia katika nchi ya anayekipokea. Maneno hayo yalihusu misaada, lakini nadhani anayelipa fedha yake mwenyewe ana haki kubwa zaidi ya kuyatumia.

Nakubali kwamba dola 3,800 ni nyingi. Kama hazipatikani, mashine iliyotumika ambayo ningeikubali kwa ajili yenu ni ile iliyorudishwa kiwandani au kwa wakala wake na kukarabatiwa, yenye volti 230 na hezi 50, yenye karatasi inayoonyesha idadi ya mizunguko iliyokwisha kufanya, na inayofaulu jaribio la kuvuja: pampu inanyonya hewa, mashine inafungwa, na shinikizo halipaswi kupanda zaidi ya milibari 1.3 kwa dakika katika dakika kumi zinazohesabiwa. Ulizeni pia, kwa barua, kama wakala atakuja au atamtuma mtu Bukavu, na kama mashine imewekewa mwinuko wetu, kwa sababu pampu iliyopangwa kwa ajili ya hewa ya pwani inaweza kusoma vibaya hapa. Kitabu cha maelekezo hutaja mwinuko wa juu unaoruhusiwa.

Kuna jambo ambalo hamkuliuliza na ambalo limenishughulisha kuliko bei. Mzunguko wa nyuzi 134 una dakika chache tu za joto kamili, lakini ukiongeza kunyonya hewa na kukausha, ni dakika arobaini au hamsini, pamoja na kuosha na kutia mafuta turbini kabla yake. Kwa turbini mbili na wagonjwa kumi, hata mashine bora duniani itawafanya msubiri, na mnaposubiri ndipo kishawishi cha kupangusa turbini kwa pombe na kuendelea kinapowajia. Sitaki kujua kama kimekwisha kuwajia. Tafadhali wekeni turbini nne zaidi ndani ya hesabu ileile ya mashine, hata kama ni lazima kuchelewesha kiti kipya.

SWALI LA TATU

Ninafanya kazi katika posti ya afya huko Walungu. Tunachemsha vyombo kwa dakika 30. Mtu anatuuzia pupineli ya zamani kwa dola 150. Itatosha?
Muuguzi, Walungu

JIBU

Ndugu, kuchemsha hakutakasi. Katika milima yenu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au chini yake, na spora za pepopunda hazitishwi na joto hilo hata mkichemsha nusu saa.

Pupineli iliyotumika, kwa kuwa ni sanduku la joto kavu lisilo na shinikizo, ina hatari ndogo kwa mnunuzi kuliko otoklavu: angalieni kama mlango unafunga sawasawa, kama feni inazunguka, na kama kipimajoto huru mnachokiweka ndani kinakubaliana na kile cha nje. Inahitaji saa mbili kwenye nyuzi 160 au saa moja kwenye nyuzi 170, zikihesabiwa baada ya joto kufika na mlango usifunguliwe katikati. Mkasi, koleo na visanduku vya chuma vitatoka vizuri. Vitambaa, mpira na plastiki vitaungua. Na inakula umeme saa zote hizo, jambo ambalo kwa posti nyingi za vijijini hulifunga swali kabla halijaanza.

Kama umeme wenu ni wa mashaka, tafuteni otoklavu ya kuwekwa juu ya jiko la makala, mpya au iliyotumika, yenye kipimo cha shinikizo kinachosomeka na kifuniko kinachofungwa kwa skrubu pande zote. Mkiipata, niandikieni maandishi yote ya kibao chake na mwinuko wa posti yenu, nami nitawahesabia shinikizo la kwenu. Kwenye mita 2,000, kwa mfano, nyuzi 121 hupatikana mshale ukifika bari 1.25, na kama kibao hakiruhusu kiwango hicho, msiinunue.